SOMO: Pesa za rushwa zimevuka mpaka, unaziombaje taarifa zake?

Swali hili naulizwa kila wiki. Naliandika hapa mara moja, nikiulizwa tena nitakuelekeza huku.

1. Maliza ya kwenu kwanza: sajili za kampuni, viwanja, miamala.

2. Anza na njia isiyo rasmi. Kitengo chenu cha fedha haramu kiulize mwenzake wa nchi ya pili kupitia Kundi la Egmont, umoja wa vitengo hivyo duniani. Polisi wana Interpol, na tangu 2021 wachunguzi wa rushwa wana mtandao wa GlobE.

3. Hapa niliharibu, msipapite haraka. Taarifa ya kitengo cha fedha inakuonyesha pa kuchimba. Si ushahidi, na mwenyewe ni aliyekupa. Mimi niliiambatisha nzima kwenye ombi rasmi. Ikafika mahakamani, wakili wa mshtakiwa akaisoma, akaunti iliyokuwa bado inafuatiliwa ikajulikana. Siku chache baadaye ilikuwa tupu. Wenzetu wa ng'ambo walikaa muda mrefu bila kutujibu, na walikuwa na haki. Pata kibali cha maandishi kabla ya kumpa mtu yeyote, hata mwendesha mashtaka wenu. Usiinukuu. Usitaje chanzo. Ikuonyeshe akaunti ipi, kisha nyaraka za benki uziombe rasmi.

4. Ombi rasmi lipite kwa mamlaka kuu, yaani ofisi ambayo nchi imeiteua kutuma na kupokea maombi haya, kwa Ibara ya 46 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa 2003. Taja mtu, akaunti, tarehe, na jinsi pesa ile inavyohusiana na kosa.

5. Ukihofia pesa kuhamishwa, omba izuiwe mapema.

MASWALI

Swali: Mkuu nirushie mfano wa ombi, nina haraka.
Jibu: Hatua ya 4. Soma.

Swali: Tuliomba akaunti za familia nzima, tukakataliwa. Njia yako haifanyi kazi.
Jibu: Mliomba ukoo mzima bila kusema nani alilipwa, na nani, kwa lipi. Hiyo siyo njia niliyoeleza.

Swali: Kujilimbikizia mali isiyoelezeka kwetu ni kosa, kwao sheria hiyo haipo. Tumekwama?
Jibu: Swali zuri sana. Usitegemee jina la kosa, eleza kitendo chenyewe. Ibara ya 43 inaangalia kama kitendo ni kosa pande zote mbili, hata kikiitwa majina tofauti. Kama nyuma ya mali hiyo kuna hongo au wizi wa mali ya umma, jenga ombi juu ya hayo. Na wasikukatalie kwa kisingizio cha siri za benki, Ibara ya 46 imekizuia.

Swali: Wao wakigundua jambo, lazima wangoje tuombe?
Jibu: Hapana. Ibara hiyohiyo inawaruhusu kuwapa bila kuombwa. Nanyi fanyeni hivyo kwao, kuaminiana kunaanzia hapo.

Swali: Kuhusu tafsiri, mnatumia nani?
Jibu: Mtafsiri wa sheria. Na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Herufi moja ikikosewa wanatafuta mtu mwingine kabisa.