Somo: Kuboresha Utando wa Nukta za Kwanta kwa Taa Nyeupe za LED

Chipu ya buluu ya LED, yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa takriban nanomita 450, haiwezi kutoa weupe peke yake. Utando wenye nukta za kwanta, yaani chembe ndogo mno ambazo rangi ya mwanga wake hutegemea ukubwa wake, hunyonya sehemu ya buluu hiyo na kutoa kijani kutoka kwa nukta ndogo na nyekundu kutoka kwa nukta kubwa. Sisi wa Mombasa tunashindana pia na unyevu wa hewa, ndiyo maana nitakawia kwenye ukaushaji.

Hatua ya 1. Chagua nukta zenye ganda la zinki salfaidi. Binafsi napendelea za indiamu fosfaidi kuliko za kadimiamu, kwa kuwa kadimiamu ni sumu.

Hatua ya 2. Yeyusha akriliki (plastiki angavu) katika toluini, kimiminika cha kuyeyushia, hadi iwe angavu, kisha tia nukta kidogo kidogo huku ukikoroga. Ethanoli isikaribie, hata ya kusuuzia chombo, kwani huzifanya nukta zishikane madonge, na donge hugeuza mwanga kuwa joto. Ukiona mchanganyiko umekuwa kama tui lililokatika, usiumimine.

Hatua ya 3. Mimina juu ya kioo kilicholazwa sawasawa, ukifunike kwa bakuli, na ukiache kikauke polepole mahali penye feni ya kutoa mvuke nje. Toluini ikiruka kwa haraka, uso wa utando hupoa, umande wa hewa yetu hutua juu yake, na utando hufanya weupe wa ukungu ambao wengi hudhani ni kosa la nukta.

Hatua ya 4. Kila rangi iwe na tabaka lake: la nyekundu liwe karibu na chipu na la kijani liwe nje; ukigeuza, nyekundu itakula kijani.

Hatua ya 5. Ziba utando kati ya vioo viwili, na kingo zote zipakwe epoksi, yaani gundi ngumu.

Maswali ya wanachama

Swali: Taa yangu ina ubuluu mno. Niongeze nukta?
Jibu: Jaribu kwanza unga laini wa titani dayoksaidi, kiasi kidogo sana. Hutawanya mwanga, hivyo buluu husafiri mwendo mrefu zaidi ndani ya utando na kunyonywa zaidi. Nukta zikizidi, hunyonyana mwanga zenyewe kwa zenyewe.

Swali: Mwalimu, utando wangu umefifia pembeni tu, katikati ni mzima.
Jibu: Maji na oksijeni vimepenya kingoni. Epoksi yako ina mwanya.

Swali: Naweza kuubandika utando juu ya chipu moja kwa moja?
Jibu: La. Joto la chipu hufifisha nukta. Acha nafasi kati ya utando na chipu.