Dadu ya nyuso kumi ndani ya simu

Ukiwa Wandegeya, Kampala, unasubiri rolex yako (chapati iliyoviringishwa na mayai) ikaangwe, fungua GeoGebra ya 3D, programu ya kuchora maumbo ya hesabu. Ukishaipakua haili bando. Weka nukta 10 kuzunguka duara, kila nyuzi 36, moja ipande kimo h, inayofuata ishuke h, hivyo hivyo hadi umalize. Ongeza ncha mbili, juu na chini, uunganishe nyuso 10 za umbo la tiara.

Pa kukwama ni hapo kwenye ncha. Ikikaa popote tu, tiara zinapinda. Kimo chake kiwe h mara 9.47 (kamili ni 5 + 2√5). Mimi nilikisia kwa jicho jioni nzima, upuuzi mtupu! Kwa nukta 6, zidisha h kwa 3. H ikiwa 0.354 ya nusu kipenyo, unapata mchemraba.