Kupanda Gombe mwezi wa tisa: kivuli cha asubuhi ndicho akiba yako

Mlima wa Gombe unatazama magharibi. Ukisahau yote nitakayokuambia, hilo usilisahau. Ukisimama ufukweni Kasekela, kituo cha Hifadhi ya Gombe, hifadhi ya sokwe, Ziwa Tanganyika liko mbele yako na mlima uko mgongoni, na jua linachomozea huko mgongoni. Ndiyo maana asubuhi mteremko wote uko kivulini mpaka saa mbili na ushee. Kuanzia saa saba jua linakupiga usoni mpaka lizamie Kongo. Mwezi wa tisa nyasi zimekauka na mvua ya kwanza bado haijanyesha, kwa hiyo kivuli hicho kitumie kupandia, usikimalizie kwenye chai.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nimepanda mara nne, zote Septemba, kabla kazi ya sare za shule haijanibana.

Barabara ya kufika hifadhini hakuna, ni boti tu. Boti za abiria zinaondoka ufukwe wa Kibirizi, hapa Kigoma, mchana kwenda vijiji vya kaskazini, na kurudi mjini ni alfajiri. Ukizipanda hizo, jiandae kulala Kasekela siku mbili kwa ajili ya siku moja ya kupanda. Ya kukodi ni ghali, labda mchangiane. Hifadhi haipokei fedha taslimu, hivyo malipo yamalizie mjini. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwafuata sokwe. Na ukiwa na mafua, tafadhali ahirisha safari. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe wa Gombe. Wengine walikufa, wengine wakabaki na mikono iliyopooza. Ukipewa barakoa, ivae vizuri, pua na mdomo.

Jioni ya kufika, kubaliana na mwongozaji muondoke saa kumi na mbili na nusu. Kigoma kunapambazuka baadaye kuliko Dar, na kabla ya saa hiyo njia haionekani. Kila mtu abebe maji lita tatu. Mto Kakombe una maji hata kiangazi, lakini ukishauacha bondeni, huko juu hakuna tone. Mimi hubeba mihogo ya kuchemsha, karanga na chumvi kidogo, ndani ya begi lenye zipu. Nyani wa ufukweni wanaujua mfuko wa plastiki kwa sauti yake tu. Mbele ya sokwe usile kabisa.

Vaa mikono mirefu na suruali ndefu hata kama unaona joto. Sababu ni upupu. Wakati huu maganda yake yamekauka, na upepo ukipita vile vinywele vinaruka. Mara yangu ya pili nilikunja mikono ya shati, na nilipopitisha kiwiko kwenye kichaka tu, mkono wote ukawaka moto. Ikikukuta, usijikune wala usifute kwa kiganja. Paka tope, liache likauke, ulibandue pamoja na vinywele vyake.

Mwanzo wa njia ni rahisi: bonde, michikichi, miti mirefu iliyofungwa na kamba za porini, ubaridi. Ukitoka hapo unaingia miombo, jua linaanza kupenya, njia inasimama kama ngazi. Kuna kilima ambapo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe tarehe 14 Julai 1960, alikuwa akikaa na darubini kutafuta sokwe. Pumzika hapo, unywe. Kama saa nne imeshapita na bado uko hapo, geuza, na siku yako itakuwa imekamilika. Juu zaidi ni nyasi tupu na jua, mpaka kwenye ukingo wenye kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 770 hivi. Milima ya Kongo huenda usiione, moshi wa nyika zinazoungua huifunika msimu huu. Ila ziwa utaliona, na linatosha.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu. Nyasi zilizolala zimefunika changarawe nyekundu, na ukizikanyaga mguu unaondoka wenyewe. Nilianguka mara mbili ndani ya hatua kumi. Mwongozaji wetu, kijana wa Mwamgongo, akasimama.

“Mama, usikanyage majani. Kanyaga shina.”

Akanionyesha. Nyasi zinaota kwa mafungu, na kila fungu lina kifundo kigumu kilichoshikwa na mizizi. Unageuka ubavu, unaweka mguu juu ya kifundo, unakunja goti, ndipo unahamisha uzito. Usishike majani kwa mkono, yanachana kama wembe. Tangu siku hiyo sijaanguka tena.

Kiatu kiwe kilichoshonwa, si cha gundi peke yake. Joto la changarawe linalegeza gundi. Soli ya raba yangu iliachia huko juu nikaifunga kwa kipande cha kanga mpaka chini. Sasa hubeba sindano ya gunia na uzi wa nailoni.

Ukirudi Kasekela, panga mzigo usiku uleule. Boti ya alfajiri haimsubiri mtu. Simama ufukweni na tochi iliyowaka, uizungushe taratibu, nahodha ajue kuna abiria.