Jinsi ya kukata bima binafsi ya afya ukiwa na ugonjwa sugu wa utumbo

Nina ugonjwa wa Crohn, natibiwa kwa dripu ya infliksimabu kila baada ya wiki 8. Nikishika mkataba wa bima, kabla ya bei natafuta dripu yangu imewekwa fungu gani.

Swali hilo lipeleke kwa maandishi, uwe na Crohn au vidonda vya utumbo mpana: dawa inayoingizwa mshipani ukiwa umekaa kitini, kisha unarudi nyumbani siku hiyohiyo, inahesabiwa kuwa matibabu ya kulazwa au ya nje? Fungu la matibabu ya nje mara nyingi ni dogo, na dawa hizi ni ghali. Dozi chache zaweza kulimaliza. Unayejidunga sindano ya adalimumabu, dawa nyingine ya magonjwa haya, nyumbani, uliza vivyo hivyo. Wakala akikujibu kwa mdomo, mwombe aandike.

Ugonjwa usiufiche hata kidogo. Ripoti ya kolonoskopi (kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana) haipotei, na kampuni ikiiona siku unayohitaji upasuaji, inaweza kukataa kulipa na kuufuta mkataba wote.

Lakini usiiache fomu iseme peke yake. Ina kisanduku cha ndiyo au hapana, basi. Ambatanisha barua ya daktari wako: uligunduliwa lini, sehemu gani ya utumbo imeathirika, mara ya mwisho kulazwa au kutumia steroidi, upasuaji kama upo, dawa za sasa, kipimo cha karibuni cha kalprotektini, yaani kipimo cha choo kinachoonyesha uvimbe wa utumbo. Barua hiyo ndiyo inayomwonyesha mtathmini kwamba ugonjwa umetulia. Ikiwezekana omba wakati huo, si katikati ya wimbi la maumivu au ukiwa unasubiri majibu ya vipimo.

Kama wewe au mwenzi wako ana bima ya kikundi kazini, anzia hapo. Nyingi haziulizi afya ya mtu mmoja mmoja. Ukilazimika kwenda peke yako, tafuta dalali wa bima awaulizie kampuni kadhaa bila kutaja jina lako, kwa sababu fomu nyingi huuliza kama umewahi kukataliwa.

Wakikubali, huenda wakaongeza ada, wakakupa muda wa kusubiri, au wakautoa ugonjwa wako nje ya bima. Kwangu mimi, ada kubwa ni afadhali. Wakishikilia kuutoa, soma maneno yenyewe. Ukikuta "na matatizo yote yanayohusiana nao", simama hapo. Crohn hugusa viungo, macho, ngozi, huleta upungufu wa damu. Kwa maneno hayo goti lililovimba nalo litakataliwa. Dai waorodheshe wanachokitoa, kimoja kimoja.

Na bima ya zamani, kama unayo, endelea kuilipia mpaka muda wa kusubiri wa ile mpya uishe.