Kudai michango ya harusi bila kugombana na ukoo: akili ya hisia na ya kijamii

Watu wanachanganya hizi mbili. Akili ya kijamii ndo ilitangulia kuandikwa, mwanasaikolojia Edward Thorndike wa Marekani aliieleza 1920, ya hisia wakaja nayo wanasaikolojia wenzake Salovey na Mayer 1990, na wao waliiona kama kipande cha ile ya kijamii, halafu mwandishi Daniel Goleman akaisambaza kwa kitabu chake cha 1995 mpaka maofisini. Kwa kifupi, ya hisia ni kujua kinachokuchemsha wewe na mwenzio na kukituliza, ya kijamii ni kujua uko wapi, na nani, na nani asikie nini.

Sasa we ni mweka hazina wa kamati ya harusi. Mtu kaahidi laki moja, zimebaki wiki mbili, hajatoa hata mia na kwenye status kaposti nyama choma.

Kwanza weka simu chini. Jiulize kinachokuuma nini hasa, maana mara nyingi sio hasira ni uoga, mwenye ukumbi anakusumbua we na sio yeye. Ukiandika hapohapo itatoka "wengine mnakula bata michango hamtoi" na grupu zima litajua unamsema nani.

Kisha muwaze yeye. Ahadi zilitajwa mbele ya watu, labda shemeji katangulia kusema laki mbili naye akaona aibu kutaja elfu ishirini. Anayekaa kimya grupuni mara nyingi hana kitu, sio jeuri.

Hapo ndo ile ya kijamii inaingia, na hapa wengi wapole wanafeli, wametulia kabisa ila wanadai mbele za watu. Grupuni weka majina ya waliotoa tu. Yeye mpigie pembeni, jioni. Kama ni baba mdogo au mtu mzito usimpigie we, mtume wa rika lake, la sivyo anza kwa adabu: "Shikamoo mjomba, samahani kwa usumbufu, naweka sawa hesabu za ukumbi, nikuandikie ngapi?" Hiyo "ngapi" inampa njia ya kushuka bila kuaibika, ukisema "ile laki" umeshamfungia mlango.

Akitaja elfu thelathini andika, shukuru, ile laki usiiguse tena. Sabini iliyobaki kaongee na mtu wa mapambo apunguze maua.