Namna ya kuutazama ukurasa halisi wa komiki, mchoraji akiwa bado kijana

Ukurasa wangu wa komiki uliochorwa kwa mkono na Todd McFarlane, yule mchoraji wa Spider-Man, siutundiki ukutani. Naulaza kabatini ndani ya bahasha ngumu, mbali na jua, na nautoa mara chache kwa mwaka. Unatoka Infinity, Inc., komiki ya mashujaa ya kampuni ya Marekani ya DC, iliyoanza kutoka na michoro yake mwaka 1985, akiwa bado kijana wa Calgary, Kanada, ambaye karibu hakuna aliyemjua.

Watu wakisikia jina lake huuliza bei kwanza. Ni kweli, mchoro wake wa jalada la The Amazing Spider-Man namba 328 uliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 657,250. Mimi napenda zaidi alivyokuwa kabla ya hapo. Nilichora mabango Tanga kwa miaka 9 kabla ya kuhamia Columbus, Ohio, kwa hiyo haya nayasema kama mtu wa brashi.

Anza kwa mbali. Egemeza ukurasa mahali salama, rudi nyuma hatua tatu, usisome neno hata moja. Tazama weusi umekaa wapi na weupe umekaa wapi. Ukiweza, ugeuze kichwa chini miguu juu. Sura za watu zikipotea, mpangilio unabaki peke yake. McFarlane wa Infinity, Inc. hapo ndipo alipojitoa mhanga. Wenzake wengi walipanga visanduku vya picha kwa safu, yeye alivizungushia mapambo, akavikata kwa mshazari, akaacha mguu wa mtu utoke nje ya kisanduku na kukanyaga cha chini yake. Mara nyingine mapambo yanaimeza hadithi, na unajikuta hujui usome kipi kwanza. Hilo ni kosa, nami nalipenda. Kijana aliyepewa kurasa ishirini na kitu kila mwezi, akaamua kila ukurasa autafutie umbo lake! Kulikuwa na njia rahisi, hakuifuata.

Halafu kumbuka ukubwa. Karatasi ya wakati ule ni nene, kama sentimita 28 kwa 43, na ikienda kiwandani picha inapunguzwa hadi theluthi mbili hivi. Mstari unaouona mnene hapo mezani umechorwa ili ukonde kwenye chapa. Asiyelijua hili husema mchoraji ana mkono mzito.

Sasa sogea karibu, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu ukurasa wa aina hii kwa kawaida una mikono ya watu zaidi ya mmoja. Mmoja amechora kwa penseli, mwingine amepita juu kwa wino, wa tatu ameandika maneno ya kwenye viputo. Penseli kwenye ukurasa wangu ni ya McFarlane. Wino ni wa Tony DeZuniga, Mfilipino aliyekuwa akichorea komiki za Marekani tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na ambaye pamoja na mwandishi John Albano ndiye aliyemwumba Jonah Hex, mhusika maarufu wa komiki za DC. Kwa hiyo unatazama kijana na mzee wa kazi wakiwa juu ya karatasi moja. Mkunjo wa nguo ulioanza mwembamba, ukajaa tumboni, ukaisha kama unywele, huo ni wa mtu aliyeshika brashi miaka mingi. Mkao wa mwili uliopinda kupita kiasi, mpaka unahisi kiuno kinauma, huo ni wa kijana.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta kurasa za The Amazing Spider-Man kuanzia namba 300, ya mwaka 1988, alipoanza kujitilia wino mwenyewe kwenye komiki hiyo. Mistari inakuwa myembamba, mingi, kama nyuzi za mkeka zilizoachwa bila kusukwa. Rudi kwenye Infinity, Inc. na utaona wazi DeZuniga alilainisha nini.

Kwenye ukurasa wangu yupo shujaa Obsidian, mtoto wa shujaa mwingine, Green Lantern wa zamani; Obsidian huyu hugeuka kivuli. Kwenye komiki iliyochapwa kivuli hicho ni cheusi tu, basi. Kwenye karatasi halisi si cheusi kimoja. Katikati wino umekolea, unang'aa kidogo. Pembeni brashi ilianza kukauka, ikaacha michirizi, ikachovywa tena. Nimehesabu machovyo manne. Nilipokuwa nikijaza herufi kubwa kwenye mabango ya maduka nilifanya hivyo hivyo: unazungusha ukingo kwanza kwa uangalifu, ndipo unajaza ndani kwa haraka. Mkono wa DeZuniga naufahamu ingawa sikuwahi kumwona.

Usisahau pambizo. Huko ndiko kunakoandikwa jina la komiki, namba ya toleo na namba ya ukurasa, na mara nyingine maelekezo ya wahariri. Mfano mzuri ni kurasa za mchoraji Steve Ditko za komiki ya Amazing Fantasy namba 15 ya mwaka 1962, alimozaliwa Spider-Man. Kurasa 24 za toleo hilo zilitolewa zawadi kwa Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2008, na mtoaji hakutaka jina lake litajwe. Mmoja una maandishi ya penseli yanayomtaka Steve achore gari lenye paa, lisionekane kama linaendeshwa ovyo. Ukilisoma hilo unaingia ofisini kwao.

Ndiyo maana nakusihi: usifute kitu, na usimwache mtu afute. Miaka ya nyuma nilipeleka ukurasa huu kwa fundi wa fremu, nikaukuta umesafishwa. Alikuwa ameondoa penseli ya pambizo la kushoto kwa kifutio, akidhani ni uchafu. Palikuwa na kichwa kidogo cha mtu pale, kimechorwa kwa kujaribu, na nyusi mbili. Sikuwahi kukipiga picha. Hadi leo nikifika pambizo la kushoto roho inaniuma. Siku hizi nikimpa mtu kazi namwandikia kabisa: usifute, usigundishe, usitumie selotepu.

Kama huna ukurasa, nyumba za mnada kama Heritage ya Dallas huweka mtandaoni picha kubwa za kurasa wanazouza. Unaweza kukuza mpaka uone punje za karatasi. Tafuta na komiki yenyewe iliyochapwa, uziweke mbili hizo ubavu kwa ubavu. Kwa simu kioo ni kidogo mno, tumia kompyuta.

Lakini kuna jambo moja ambalo picha ya mtandaoni mara nyingi haikuonyeshi. Zima taa ya chumbani. Washa tochi, ilaze karibu na usawa wa meza ili mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu. Rangi nyeupe iliyofunika makosa inainuka kama chokaa. Penseli iliyofutwa zamani inaacha mifereji, nayo inajaa kivuli. Nilikuwa na ukurasa huu mwaka wa nne nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza. Kwenye kisanduku cha mwisho, Jade anamnyooshea Obsidian, nduguye pacha, mkono ulio wazi. Chini ya vidole vile, kwenye mifereji, kuna ngumi. McFarlane aliichora ikiwa imefumbwa, akaifuta, akaifumbua.