Pensheni ikiingia benki: ziba makato kwanza, riba baadaye

Nilikuwa keshia benki mpaka nilipostaafu. Sasa naishi Tandika, na wazee wenzangu wa mtaani huniletea karatasi zao za benki niwasomee. Malalamiko yao hufanana: pesa inaingia, haikai. Ushauri wangu kwao huwa ni huu: kabla ya kutafuta riba kubwa, ziba kwanza panapovuja.

Nenda tawini kwako ukaombe taarifa ya akaunti ya miezi mitatu. Usiende siku pensheni zinapoingia, foleni ya siku hizo inaumiza magoti. Uliza kwanza ada ya kuichapisha, maana nayo inalipiwa. Ukifika nyumbani, chukua kalamu nyekundu, upigie mstari kila pesa iliyotoka bila wewe kuishika mkononi: ada ya mwezi ya kuendesha akaunti, ada ya kutoa kwenye ATM, ada ya wakala, ada ya ujumbe wa simu, ada ya kadi. Juu ya ada za benki kuna kodi ya VAT, ndiyo maana mara nyingi unakuta makato yenye tarakimu za ajabu ajabu.

Kisha piga hesabu ya mwaka mzima. Tuseme kila ukitoa pesa unakatwa 1,500. Ukitoa mara nane kwa mwezi, elfu kumi kumi za sokoni, ni 12,000. Kwa mwaka ni 144,000, na hapo hujagusa ada nyingine hata moja. Wazee wengi hawaamini mpaka wajumlishe wenyewe.

Kwenye ATM, ada kwa kawaida ni ileile utoe kidogo au utoe kingi, na mashine ya benki nyingine hukata zaidi. Kwa wakala, ada hupanda kadiri kiasi kinavyopanda. Kwa hiyo anayetaka laki mbili na anayetaka elfu ishirini hawapaswi kwenda sehemu moja. Ila sikushauri utoe pensheni yote kwa mkupuo upande nayo daladala ya Mbagala. Toa ya wiki mbili, nyingine ilipie hukohuko ilipo: LUKU na bili ya maji ya DAWASA zinalipika kwa simu kutoka akaunti ya benki. Na ukimtumia mtoto pesa, kama ana akaunti, tuma akaunti kwa akaunti. Ukiipitisha kwenye laini ya simu, unaweza kukatwa wewe unayetuma, halafu akakatwa yeye anapoitoa.

Bei za huduma hizi si siri. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki ikueleze ada zake. Kijana wa dirishani akishakuamkia, mwambie, “Marahaba mwanangu, naomba orodha ya ada zenu. Na mna akaunti ya wastaafu isiyokatwa kila mwezi?” Swali hilo la pili wengi hawaliulizi, na benki haitakuhamisha yenyewe. Ukiona kato usilolielewa, andika malalamiko, upewe nakala yenye muhuri. Benki isipokujibu vizuri, yapeleke Benki Kuu, wana dawati la malalamiko.

Na ile akaunti ya zamani ya mshahara, ambayo haina kitu? Ifunge kwa barua. Ikiachwa wazi, ada za mwezi zinaweza kurundikana, na siku ukiweka pesa zinakombwa.

Sasa akiba. Mimi huigawa kwa kuuliza swali moja: pesa hii nitaihitaji lini? Ya matumizi na ya kuugua ghafla ikae benki, hata kama riba ni ndogo. Inayoweza kusubiri siku chache, mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayowekeza pesa za watu kwa pamoja, unafaa: huingii kwa ada wala hutoki kwa ada, na ukiomba pesa unaipata baada ya siku chache za kazi. Ila ujue huo ni uwekezaji, kinga ya bima ya amana, ile inayomlipa mteja benki ikifilisika, haiuhusu.

Akaunti ya muda maalumu, unayofungia pesa kwa muda mliokubaliana na benki, inamfaa mwenye uhakika kwamba hataigusa pesa. Ukiivunja kabla ya wakati unaweza kupoteza riba. Na riba yenyewe hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10: milioni kumi kwa riba ya asilimia 8 ni laki nane, lakini mkononi unapokea 720,000. Ukiwa na kiasi kikubwa, omba waongeze riba. Inajadiliwa, nimeona ikijadiliwa mara nyingi.

Hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zinaanzia shilingi milioni moja, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Zipo za miaka 2 hadi 25. Mtu wa miaka sabini simshauri aweke kila kitu kwenye ya miaka 25. Kuiuza katika Soko la Hisa la Dar es Salaam inawezekana, lakini mnunuzi anaweza kukupa bei ya chini kuliko uliyonunulia.

Mafao ya mkupuo usiyaweke benki moja. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji. Bodi ya Bima ya Amana sasa inamlinda mteja hadi shilingi 7,500,000 katika kila benki, kutoka 1,500,000 ya zamani.

Anayekuahidi pesa yako itazaa mara mbili kwa miezi michache, mwache aende zake, hata akija na jina la Mungu mdomoni. DECI, ule mchezo wa upatu, ilianguka mwaka 2009 na watu wakalia, na wenye mbinu hiyo wanarudi kila mara kwa jina jipya. Namba ya siri usimpe mtu, hata mjukuu unayempenda. Benki haikupigii simu kuiuliza.

Jambo la mwisho watu hulikwepa kwa sababu linagusa kifo. Jina uliloandika kwenye fomu kama ndugu wa karibu halimruhusu huyo mtu kutoa pesa zako. Benki itamsubiri msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia nyingi hapa Dar hazijui hata marehemu alikuwa na akaunti ngapi. Andika kwenye daftari majina ya benki, namba za akaunti, mifuko na hati zako, bila namba za siri, na umwoneshe mtu mmoja unayemwamini daftari lilipo. Ukifungua au kufunga akaunti, lirekebishe siku hiyohiyo.